Pumzi Darini

Maabara, 4 Machi

Wifi yangu Fundi,

Naamini cherehani bado inazunguka na mgongo umekupoa. Mimi niko salama, ila macho yananiwasha, maana mwezi huu nimehamishiwa chumba cha giza. Kazi yangu unaijua kwa mbali, acha nikusogeze karibu. Tunamkalisha mtu gizani hadi macho yake yazoee, kisha tunawasha mwanga mdogo mno, mdogo kuliko njiti ya kiberiti ukiitazama kutoka mlima wa pili. Akiuona, anabonyeza kitufe. Chumba cha jirani ni cha sauti. Kuta zake ni nene, na ukikaa humo kidogo unasikia damu yako mwenyewe ikipita masikioni. Tunachotafuta ni mpaka: pale mtu anapoanza kuona, pale anapoanza kusikia. Na kuna zamu ambazo hatuwashi chochote, tunakaa tu kimya. Hizo tunaziita za bure. Utashangaa ni wangapi wanaobonyeza.

Haya, nimeanza kukuzungusha. Nimeandika kwa sababu ya mama. Jumapili alinipigia simu, akanong'ona kama mtoto aliyeficha pipi mdomoni: "Popo, kuna mtu anapumua darini." Nikacheka. Yeye hakucheka. Anasema ni mchana, ule wakati karakana ya jirani inafungwa na wewe unapumzisha cherehani. Halafu akaniuliza, "Wewe unayepima masikio ya watu, huwezi kuja kumtoa?"

Unajua mama si mtu wa kutia chumvi. Tangu macho yake yazime sijamsikia akilalamika hata siku moja, hata akijigonga mlangoni. Niambie hapo kuna nini. Usinipigie, nyumba ni ndogo, atakusikia. Niandikie.

Breki amerudi safari? Mwambie dada yake anamkumbuka, na ile redio yangu sijaisahau.

Wifi yako,
Popo


Nyumbani, 11 Machi

Wifi Popo,

Barua yako nimeisomea bafuni, maana mama alinisikia nikichana bahasha akauliza imetoka kwa nani. Nikamwambia ni bili ya maji.

Ni panya, wifi. Panya, na mabati yanayopanuka kwa joto. Mama amezeeka, tukubali tu. Namwita kula mara tatu haitiki, halafu huyo huyo ananiambia anasikia pumzi! Anasema inavuta taratibu, inakwama katikati kama mtu aliyemeza vibaya, kisha inatoka na filimbi nyembamba. Anaiigiza kwa mdomo wake, na mimi nywele zinanisimama. Nimemwomba ahamie chumba cha mbele, amekataa katakata. Anasema, "Nikiondoka, huyu atabaki na nani?"

Breki bado yuko mbali. Tajiri yake kampa mzigo wa kuvuka mpaka na huko simu haishiki. Usihangaike kumtafuta, akirudi atakupigia mwenyewe.

Najua kazi imekubana. Usifunge safari kwa ajili ya panya.

Wifi yako,
Fundi


Maabara, 17 Machi

Wifi,

Panya hawapumui kwa filimbi. Lakini inawezekana kabisa hakuna kitu, na mama hasemi uongo. Nimewaona watu wazima, walimu, hata rubani mmoja, wakiapa kwamba wameona mwanga katika zamu za bure. Gizani jicho hujitengenezea cheche zake, na katika kimya sikio hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla hatujasema mama anasikia au hasikii, tumpime.

Fanya hivi, mchana, wakati kumetulia. Mama akae kitandani mwake. Wewe kaa nyuma ya mlango uliorudishwa, na karatasi sakafuni. Rusha sarafu. Ikiangukia kichwa, sema "haya", kisha dondosha punje moja ya mchele juu ya karatasi. Ikiangukia upande wa pili, sema "haya" na usifanye chochote. Mama ajibu ndiyo au hapana. Mara ishirini. Sarafu irushie kwenye kanga asiisikie. Wewe usimsaidie, usikohoe, usicheke.

Kama hasikii, tutampeleka kwa daktari wa masikio na habari ya darini tutaiweka pembeni. Kama anasikia, itabidi mtu apande ngazi aangalie.

Popo


Nyumbani, 26 Machi

Wifi yangu,

Nimefanya kama ulivyoagiza, juzi, saa ile karakana imefungwa. Mama alifurahi kama mtoto aliyepewa mchezo.

Pole, wifi. Amekosa zote. Kila nilipodondosha punje alisema hapana, na kila nilipokaa kimya alisema ndiyo. Ishirini kwa ishirini, hata moja hakupata. Masikio yamekwenda, kama macho yalivyokwenda. Roho imeniuma, lakini afadhali tumejua.

Nitamtafutia daktari mwisho wa mwezi. Habari ya darini tuimalize.

Fundi


Maabara, 31 Machi

Fundi,

Mtu asiyesikia anabahatisha. Anayebahatisha mara ishirini hupata karibu kumi. Ili ukose zote ishirini, lazima uwe unajua jibu la kila moja. Mama hakukosa. Mama alipata zote, na kuna mtu aliyeyageuza majibu yake kabla ya kuniandikia.

Tena wewe mwenyewe uliniambia alisikia bahasha ikichanwa.

Nimempigia tajiri wa kaka yangu. Anasema Breki hajashika usukani wake tangu mwezi wa kwanza.

Nani yuko darini?

Popo


Nyumbani, 8 Aprili

Popo,

Nimechana karatasi tatu kabla ya hii. Soma ukiwa umekaa.

Mwezi wa kwanza, jioni moja ya mvua, Breki alimgonga mtu kwenye kona ya daraja. Aliniambia hakusimama. Gari alilirudisha yadi, akaosha bampa, akaja nyumbani kwa miguu ameloa chapachapa. Kesho yake tukasikia yule mtu amekufa. Polisi walipoanza kuzunguka kwenye mayadi, Breki akapanda darini.

Kwa mama tulisema amesafiri. Lakini mama anazijua nyayo za kila mtu wa nyumba hii, na Breki alihitaji kula, alihitaji kuoga. Basi kila alipotaka kushuka, mimi nilikaa kwenye cherehani nikaizungusha kwa nguvu ili kelele zimfunike. Sikuwa na nguo ya kushona. Nilikuwa nashona kitambaa kikuukuu bila uzi, wifi, kinapita chini ya sindano kinatoka na matundu matupu, na mume wangu anapita nyuma yangu kwa vidole vya miguu kama mwizi.

Ndiyo maana nilikuandikia habari za panya. Hapo nilidanganya nikijua ninachodanganya.

Lakini lile jaribio ni jambo lingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Breki alishuka tarehe 19 Machi. Nilikuwa nimempeleka mama kliniki ya macho siku hiyo, na tuliporudi nilimkuta Breki amekaa chini ya ngazi, midomo imemkauka. Hakuniambia kitu zaidi ya "siwezi tena kulala mle." Alfajiri akaondoka, na siku iliyofuata alijisalimisha kituoni. Polisi walikuja kunipa habari, nikawapokea mbali na nyumba.

Jaribio lako nililifanya tarehe 24. Darini hakukuwa na mtu. Nilijua mama atasema hasikii pumzi tena, na mambo yataisha. Kabla hatujaanza nikamwuliza, kwa utani, "Mgeni wako yupo leo?" Akasema, "Yupo. Ngoja amalize kuvuta." Kisha akapata majibu yote ishirini, pamoja na punje moja iliyoangukia kanga badala ya karatasi.

Niligeuza majibu kwa sababu nilitaka iwe ni uzee. Uzee nauelewa.

Nisamehe ukiweza. Cherehani siisimamishi siku hizi mpaka mama alalamike.

Fundi


Rumande, 21 Aprili

Dada Popo,

Barua yako imenifikia imeshafunguliwa, lakini imefika. Hapa karatasi naipata kwa kubembeleza, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Fundi nilimwambia sikusimama. Nilisimama, dada. Nilishuka nikainama. Mvua ilikuwa inampiga usoni na yeye hapepesi. Lakini alikuwa anapumua. Anavuta taratibu, inakwama, inatoka na filimbi. Nilimsikiliza. Sijui kwa muda gani. Kisha nikapanda gari nikaondoka. Watu walimkuta asubuhi, amekwisha.

Hilo sijamwambia mtu ila polisi, na sasa wewe.

Kule darini nilianza kusikia pumzi mapema tu, mchana, cherehani ikinyamaza. Nikasema ni mama, amejipumzisha chini yangu. Ukweli ni kwamba nilifarijika. Nilikuwa nalala nikiifuata, kama tulipokuwa wadogo na tunalala naye kitanda kimoja.

Halafu ikaja ile siku ya kliniki. Fundi alifunga mlango kwa nje, nikasikia hatua zao zikipotea barabarani. Nyumba tupu. Nikajinyoosha. Ikaanza.

Haikutoka chini. Ilikuwa kichwani pangu, karibu kiasi kwamba nilingoja joto lake shavuni. Joto halikuja. Niliziba pumzi yangu ili nihakikishe si mimi. Ikaendelea bila mimi. Ndipo nilipoitambua, ile filimbi. Nikasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Ikakwama pale katikati, ikakaa, kama mtu anayesikiliza kama nina la kuongeza. Ikaendelea.

Watu wanasema nilikuja kujisalimisha kwa ujasiri. Usiwasadiki. Nimekuja hapa kwa sababu tunalala watu wengi chumba kimoja, wanakoroma kama jenereta, na sisikii kingine.

Usimwambie mama kwamba alikuwa hai nilipomwacha.

Mdogo wako,
Breki


Maabara, 6 Mei

Wifi Fundi,

Nimerudi salama kutoka huko nyumbani. Kuna mambo nilishindwa kukwambia kituoni, maana ulikuwa unalia na basi linapiga honi.

Siku uliyokwenda kununua vifungo nilipanda darini. Mkeka wa Breki upo, kikombe kipo. Vumbi limefutika pale alipokuwa akilala. Na upande wa kichwani kuna mahali pengine palipofutika, kama urefu wa mtu. Labda alikuwa akijigeuza usingizini. Najiambia hivyo.

Kisha nikakaa na mama. Nilikuwa nimebeba kinasa sauti cha maabara, kile kinachomsikia mdudu akitembea juu ya karatasi. Nilimwomba ainue kidole pumzi ikivutwa, akishushe ikitoka. Fundi, masikio yangu ndiyo tunayotumia hapa kuwalinganishia wengine. Nilitega nikasikia saa yangu ya mkononi, nikasikia kope za mama. Zaidi ya hapo, hakuna. Kinasa nacho hakikushika kitu. Lakini kidole kilipanda, kikasita katikati, kikashuka, tena na tena, kwa mwendo ule ule. Nimeona maelfu ya watu wanaobahatisha. Hakuna anayebahatisha hivyo. Baada ya muda niligundua kwamba na mimi napumua kwa kukifuata, nikaondoka kwenda kusimama juani.

Niliporudi nikamweleza habari ya Breki. Nilijiandaa kumshika akianguka. Akasema, "Breki nilimsikia tangu siku ya kwanza. Anapumua kama baba yenu, kama anayepuliza chai. Na huyu Fundi na cherehani yake isiyo na uzi! Sindano kavu ina mlio wake. Nilinyamaza ili wasione haya."

Nikamwuliza, sasa mimi ulinipigia simu ya nini?

"Kwa ajili ya yule mwingine," akasema. "Walikuwa wawili kule juu. Nilidhani Breki amekuja na rafiki, na rafiki ni mgonjwa, na hawataki kumpeleka hospitali."

Breki alinikataza kusema kwamba yule mtu alikuwa hai alipomwacha, lakini sikuweza kumficha mama anayejua zaidi yetu sote. Nilimsomea barua yake yote, na pale pa mvua nilisoma pia. Mama akauliza jambo moja tu: "Ana mke?"

Najua atakuuliza na wewe.

Popo


Nyumbani, 2 Juni

Wifi Popo,

Mama kashinda. Wiki nzima aliniimbia wimbo mmoja, nipeleke kwa mke wake, nipeleke kwa mke wake. Nikamwambia watatufukuza. Akasema, "Basi tutafukuzwa."

Marehemu alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Tuliuliza kwenye duka la rangi, tukaelekezwa. Mkewe alitufungulia mwenyewe, mwanamke mrefu wa makamo, na nilipomwambia sisi ni akina nani hakupiga kelele. Alisimama tu kati ya mlango na sisi. Hata kiti hakutupatia.

"Mnataka nifute kesi?"

"La," mama akasema. "Kesi iende. Mwanangu alimwacha mumeo akiwa hai, na mimi ndiye niliyemzaa mwanangu. Sikuja kuomba. Nimekuja kukwambia mumeo yuko kwangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamvuta mama mkono. Yule mwanamke akasema, polepole sana, "Bibi, mume wangu nilimzika."

"Najua," mama akasema, na kabla sijawahi kumziba mdomo akaanza kupumua. Ile ile. Akavuta taratibu, ikakwama, ikatoka na filimbi.

Popo, yule mwanamke aliketi chini palepale kizingitini kama aliyekatwa miguu.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Hakuna. Namsikia kila mchana."

Alitutazama kwa zamu, mama, kisha mimi, kisha mama. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akilala," akasema. "Rangi zilimharibu kifua. Miaka yote ya ndoa yangu nimelala kando ya filimbi hiyo. Nilikuwa nampiga kiwiko ageuke."

Hapo ndipo na mimi nilipokaa chini. Mimi, wewe, Breki kule rumande, sote tulidhani ni pumzi ya mtu anayekata roho. Kumbe mtu kalala.

Aliuliza nyumba iko wapi. Hakusema atakuja.

Alikuja Alhamisi, mchana, peke yake. Maji nilimpa, hakuyagusa. Alisema kwanza akiwa bado mlangoni, "Mahakamani nitafika, na nitasema yote." Nikamwambia ni haki yake. Mama akamshika mkono akamwingiza chumbani, akampisha kitandani, yeye akachukua kiti. Karakana ilikuwa imefungwa. Nikasimamisha cherehani, mara ya kwanza kwa hiari yangu tangu Breki aondoke, nikabaki sebuleni na kitambaa mapajani.

Nilitega sikio mpaka shingo ikaniuma. Sikusikia kitu. Nilifikiri angalau nitawasikia wao wawili, kiti kikilia, kitanda kikilia, mtu akilia. Ilikuwa kimya kama kile chumba chako.

Jua lilipopoa akatoka. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa na mikunjo ya mto, macho yamevimba, kama mtu aliyelala usingizi ambao hajaupata siku nyingi. Sikuthubutu kumwuliza alichosikia. Alivaa viatu. Akafungua mlango, akatoka, kisha akasimama nje ameushikilia wazi, anangoja. Baadaye akauachia, akaanza kutembea, akijibana upande mmoja wa kile kijia chetu cha uani, ingawa ni kipana na hakukuwa na mtu wa kumpisha.

Nikaingia chumbani. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, ameinamisha kichwa, anasikiliza hatua zinazokwenda.

"Umesimama tu?" akaniambia. "Nenda, uwasindikize mpaka barabarani."

Nikavaa kandambili, nikawasindikiza.

Wifi yako,
Fundi